TAHADHARI: Ukibadilisha diski ya kompyuta Kariakoo, ile ya zamani usiiache kwa fundi

Ndugu zangu wenye steshenari, studio za picha na wote mnaokula kwa kutegemea kompyuta moja, naomba mnisome. Nimeibiwa, tena nimeibiwa nikiwa nimekaa kwenye kiti, mkononi nimepewa soda, nacheka. Nilisita kuandika kwa sababu aibu ni yangu. Lakini kabla sijajua, nilishawapeleka wateja wawili kwa kijana yuleyule kwa mdomo wangu mwenyewe, na mmoja wao ana studio. Nikinyamaza nitakuwa nimeshirikiana naye.

Jina la duka sitaji. Shauri liko polisi na nimeambiwa niache kwanza. Nitaeleza mchezo wenyewe, maana hata huyo akifungiwa, mchezo utakuwa umehamia chumba cha pili.

Kompyuta yangu ni HP ya mtumba, kizazi cha sita, diski ya kuzunguka ya GB 500. Imenilisha miaka minne. Tatizo lake ni uzito: ukiiwasha asubuhi unafagia duka, unapanga karatasi, unakunywa chai na andazi, ndipo inakukubalia. Kila mtu ananiambia, weka SSD, ile diski ya chipu isiyozunguka. Na hilo ni kweli, sitalipinga. Diski ya kuzunguka ikijitahidi inasoma MB mia na kitu kwa sekunde, SSD ya SATA, inayochomekwa palepale pa diski ya zamani, inafika 500 na zaidi, na kwa vile vifaili vidogo vidogo ambavyo Windows huvisoma ikiwa inawaka, pengo ni kubwa kuliko hapo. Ushauri ulikuwa mzuri, nikaupeleka mahali pabaya.

Basi Jumanne moja mwezi uliopita nikaifunga CPU kwenye kitenge, nikapanda daladala mpaka Kariakoo. Maduka mawili ya kwanza SSD ya TB 1, yaani GB elfu moja, waliitaja zaidi ya laki mbili. La tatu ni chumba chembamba ghorofani, kijana mwenye adabu zake. "Shikamoo mama. Hebu tumwone mgonjwa." Akafungua, akachungulia, akatikisa kichwa kama daktari. Akaniuliza humo ndani nina kazi gani, nami nikamtajia kila kitu: mitihani ya shule, kadi za harusi, picha za paspoti, vyeti vya watu, barua za maombi ya kazi.

"TB 1 nitakufanyia tisini na tano, mama, kwa sababu ni wewe. Kuhamisha Windows na programu zako zote kama zilivyo, ishirini na tano. Leseni mpya ya Windows thelathini, maana ukibadilisha diski ile ya zamani inakufa. Hii diski yako imeshaanza kuoza, niachie nikupe elfu kumi, tupunguze."

Jumla laki moja na arobaini. Lipa namba ilikuwa "inasumbua mtandao", nikatoa taslimu. Risiti ya EFD hakuna, nikapewa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu: waranti mwaka mmoja.

Pale kwenye leseni naomba nisimame, kwa sababu wengi mtaambiwa hivyohivyo. Ni uongo. Kompyuta iliyotoka kiwandani na Windows 8 au ya baadaye, ufunguo wake umehifadhiwa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Na leseni ya kidijitali ya Windows 10 imefungwa na mashine, hasa hiyo mazabodi, haijafungwa na diski. Unatoa diski, unaweka nyingine, unaweka toleo lilelile la Windows, unaunganisha intaneti, inajitambua yenyewe. Elfu thelathini nililipia kitu kilichokuwa changu tangu siku naileta nyumbani. Akanitisha pia kwamba Windows 10 "imefungwa". Kweli Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, lakini hiyo ni habari ya masasisho ya usalama. Leseni haifi kwa sababu hiyo, na kubadilisha diski hakuhusiani nayo kabisa.

Kazi aliifanya, sitamsingizia. Niliiacha asubuhi nikairudia saa kumi. Ikawashwa mbele yangu: hata sijakaa sawa, imeshafunguka. Programu zangu zote zipo, picha ya ukutani ni ileile ya wanangu. Kwenye kompyuta akanionyesha diski C ya GB 100 na diski D ya GB 831, akafungua folda zangu mbili tatu, kadi hii, mtihani huu. Kipanya alikishika mwenyewe. Mimi nilikuwa nachagua aina ya soda.

Niliondoka namwombea dua. Wiki ya kwanza nilikuwa malkia wa mtaa.

Wiki ya pili akaja mama mmoja anataka nakala nyingine za picha za paspoti za mwanawe, nilizompiga mwezi wa nne. Nikatafuta jina, faili lipo, tarehe ipo, ukubwa wake upo. Nikalifungua. Paji la uso likatokea, nyusi, macho mawili yananitazama. Kuanzia puani kwenda chini, kijivu kitupu. Nikafungua la pili: nywele tu. La tatu likakataa kabisa. Nikaenda kwenye mitihani ya muhula wa pili, Word ikaniambia faili limeharibika. Majina yote yapo kwenye mstari kama wanafunzi wa paredi, ndani hamna mtu.

Nikarudi Kariakoo siku hiyohiyo. Adabu ilikuwa imepungua. "Mama, umeingiza flashi zenye virusi." Nikamwambia sawa, nipe diski yangu ya zamani nirudishe mafaili. "Ile imeshauzwa, imeenda mkoani." Waranti? Akanigeuzia kile kikaratasi: nyuma, kwa mwandiko mdogo, bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa dada yangu, anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Kwanza akaokoa kile kilichokuwa kinafunguka. Halafu akaitoa ile SSD, akaiunganisha kwa kebo ya USB kwenye laptopu yake, akaifuta, akaweka kijiprogramu cha bure kinaitwa H2testw. Kazi yake ni ndogo: kinaijaza diski nzima kwa mafaili ya GB moja moja, kikimaliza kinarudi kuyasoma moja baada ya jingine, kinauliza, je, nilichokuweka ndicho unachonirudishia? Tulianza saa mbili usiku. Adhana ya alfajiri ilitukuta bado inasoma. Jibu: kati ya GB 931, zilizorudi salama ni 119.

Yaani nimeuziwa diski ya GB 128 iliyobandikwa stika ya TB 1, stika ya kampuni kubwa ambayo mnaijua nyote na ambayo haina kosa hapa. Ndani ya SSD kuna chipu inayoiongoza, na hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta "mimi ni TB 1". Imepangwa iseme uongo. Windows haina kawaida ya kuhakiki, inaamini inachoambiwa na kukuandikia ukubwa huo kwenye skrini. Ukiandika vitu vikapita GB zile za kweli, inavipokea kwa adabu kama yule kijana, inasema tayari, na haiviweki popote. Orodha ya majina hukaa mwanzoni mwa D, sehemu iliyo hai, ndiyo maana majina yote yalikuwepo. Na sasa naelewa kwa nini C ilikatwa GB 100 kamili: Windows na programu zikae palipo pazima, kompyuta iwake vizuri, mteja aondoke anacheka. Aliyefanya hivyo alijua anachokifanya. Huwezi kuniambia naye aliuziwa bila kujua.

Msichanganye na hili: SSD halali ya TB 1 ikionekana 931 kwenye Windows siyo wizi. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Na msikimbilie kufungua kasha mkaona kibao cha saketi kidogo kama kidole mkasema bandia. SSD nyingi halali za inchi 2.5 zina kibao kidogo ndani na nafasi tupu. CrystalDiskInfo nayo inasaidia kukuonyesha saa ambazo diski imeshafanya kazi, "mpya" yenye saa elfu tisa ni ya mtumba, ila hizo saa zinaweza kufutwa, usiishie hapo. Kinachotoa jibu ni kuijaza na kuisoma. Wenye Linux mnayo F3, inafanya kazi hiyohiyo. Inachukua muda, na inajaza nafasi yote, kwa hiyo ifanyike diski ikiwa tupu, kabla Windows haijahamishiwa. Fundi akikataa diski ijaribiwe kabla ya malipo, chukua kitenge chako.

Kuhusu uhamishaji wenyewe, mpwa wangu amenieleza hatua kwa hatua alipokuwa ananifungia SSD nyingine niliyonunua kwa laki mbili na ishirini, yenye risiti, kwa hiyo sasa najua unavyotakiwa kuwa. Diski zote mbili zinakuwa zimeunganishwa kwa wakati mmoja. Yeye anatumia Clonezilla, programu ya bure ya kunakili diski nzima, unaiwasha kutoka kwenye flashi. Haihamishi C peke yake. Kuna vipande vidogo ambavyo hata havionekani kwenye kompyuta yako, kimoja cha MB 100 hivi ndicho kinachoiwasha Windows, na kikisahaulika utakutana na skrini nyeusi. Na muda una hesabu yake: ukiwa na GB 300 kwenye diski ya kuzunguka, hata ikisoma MB 100 kila sekunde bila kupumzika, hiyo ni dakika hamsini. Fundi anayekwambia dakika kumi na tano hajahamisha, amekuwekea Windows mpya. Akikuambia programu zako atazibeba kwa kunakili folda kwenye flashi, huyo naye mwache. Programu ina mizizi yake kwenye Windows, folda peke yake haiwaki. Wenye laptopu zilizofungwa na BitLocker, lile kufuli la Windows la kuficha vilivyomo kwenye diski, tafuteni kwanza ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye akaunti yenu ya Microsoft, kabla bisibisi haijagusa kitu.

Lakini hayo yote ni pesa, na pesa inatafutwa. Kinachoninyima usingizi ni ile diski ya elfu kumi. Humo mna vyeti vya watoto wa watu, nakala za vitambulisho vya NIDA, namba za simu, nywila za akaunti za maombi ya kazi ambazo vijana waliniambia "dada wewe zihifadhi tu nisisahau". Hata kama aliiformati, formati ya haraka inafuta orodha tu, vitu vyenyewe vipo. PhotoRec ni ya bure na inavirudisha, na kama sisi tunaijua, wao wanaijua zaidi. Nimekaa siku mbili na daftari la wateja nikiwapigia mmoja mmoja wabadilishe nywila. Wengine wameniitikia vizuri, mmoja amenitukana, na ana haki. Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, na mbele ya sheria hiyo aliyepewa taarifa za watu ni mimi, siyo yule kijana. Sikuwahi kuifikiria steshenari yangu hivyo.

Kwa bidhaa bandia nimepeleka malalamiko FCC, Tume ya Ushindani, na ile SSD kama kielelezo, pamoja na picha ya matokeo ya H2testw. Wale wateja wawili niliowapeleka nimewatafuta. Wa studio diski yake tumeipima: ni hadithi ileile, bahati yake alikataa kuuza ya zamani kwa sababu mumewe alimkatalia. Ameirudisha kwenye mashine, kazi zake zote zipo.

Yangu bado sijaipata. Ni Toshiba ya GB 500, inchi 3.5, ubavuni ina kipande cha plasta nyeupe nilichoandika kwa maka peni nyekundu MITIHANI USIFUTE. Kama umeuziwa diski ya mtumba yenye plasta hiyo, au yenye gundi mahali ilipobanduliwa, tafadhali usiijaze vitu. Ipeleke kituo cha polisi cha Msimbazi useme ni ya yule mama wa steshenari. Bei uliyonunulia nitakurudishia, na nauli juu.