Pakiti ya miti ya waya kwa michezo ya vita ya mezani: nunua mashina, majani utajitengenezea

Mchezaji wa michezo ya vita ya mezani, ile inayochezwa kwa vikosi vya vijisanamu vya askari, huhitaji miti mingi kuliko kifaa kingine chochote cha mandhari, na bado miti ndiyo anayoitolea fedha shingo upande, kwa kuwa kila senti inayokwenda msituni ni senti iliyonyimwa kikosi. Ndiyo maana pakiti za miti ya bei nafuu zisizo na chapa, zinazouzwa mtandaoni kwa wingi, hazikosi wanunuzi. Pakiti ninayoihakiki hapa ni ya jamii hiyo: miti ya waya uliosokotwa, iliyopakwa rangi ya kahawia na kunyunyiziwa chembe za sponji za kijani, yenye vimo vinavyoanzia kama sentimita 4 na kuishia 12, ikiwa imefungwa katika mfuko wa nailoni usio na maelezo yoyote ila idadi ya miti iliyomo. Niseme mapema kwamba naiona ni bidhaa nzuri kwa anayejua anachonunua, na anachonunua ni mashina. Majani yaliyokuja nayo ni ya muda tu.

Tuanze na ukubwa, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi hulalamika bila haki. Miti hii haikutengenezwa kwa ajili ya vita vya mezani. Imetengenezwa kwa ajili ya mifano ya majengo na reli za mfano, na katika reli hizo uwiano wa 1/87 au 1/160 ndio wa kawaida. Vinyago vya milimita 28, yaani vijisanamu vya askari vyenye kimo cha kama hicho, ambavyo ndivyo vinavyopendwa zaidi na wachezaji, hukadiriwa kuwa kwenye uwiano wa 1/56 hivi. Kwa hesabu hiyo mti wa kweli wa mita 20 ungepaswa kuwa na kimo cha karibu sentimita 36 mezani, na mti mkubwa kuliko yote ndani ya pakiti, ule wa sentimita 12, ungekuwa mti wa bustanini usiofika hata mita 7. Hata hivyo hakuna anayetaka kucheza katikati ya miti ya sentimita 36, kwani mkono haupiti, kinyago hakionekani, na mti wenyewe huanguka mtu akiegemea meza. Wachezaji wamezoea miti iliyofupishwa, na mti ulio mrefu mara tatu au nne kuliko askari aliyesimama chini yake hulidanganya jicho vya kutosha. Kwa kipimo hicho miti mikubwa ya pakiti hii inafaa kwa milimita 28, ya kati inafaa sana kwa milimita 15, na ile midogo ni vichaka kwa wa kwanza na ni miti kamili kwa wanaocheza kwa vinyago vya milimita 6.

Mashina, kama nilivyodokeza, ndiyo mali. Nyuzi za waya zimesokotwa pamoja kutoka chini, kisha zikaachana kidogo kidogo kwenda juu, mafungu yakigawanyika kuwa matawi na matawi kuwa vijitawi, jambo ambalo mtu akilifanya kwa koleo na mikono yake mwenyewe humla jioni nzima kwa miti michache. Waya ni laini kiasi cha kupinda kwa vidole, na haukatiki ukipindwa mara kadhaa mahali pamoja. Miti hufika ikiwa imelala bapa kwa sababu ya kubanwa mfukoni, na anayeitazama mara ya kwanza anaweza kudhani ameuziwa nyasi. Dawa yake ni kushika kila tawi na kulielekeza upande wake, moja mbele, moja nyuma, la chini likining'inia na la juu likisimama, mpaka mti uwe na umbo ukitazamwa kutoka pande zote. Mti ulioachwa bapa hauokolewi na majani wala rangi.

Kasoro ya shina ni kwamba msokoto wa waya huonekana. Ukilisogeza karibu na jicho, unaona kamba iliyopakwa rangi, wala si gome. Njia rahisi ya kulificha jambo hilo ni kuchanganya gundi nyeupe ya mbao, mchanga laini uliochekechwa na rangi ya akriliki ya kahawia iliyofifia, kisha kulipaka shina kwa brashi chakavu, mkono wa kwanza ukiwa mwepesi ili uingie kati ya nyuzi, na wa pili ukiwa mzito. Wengine hutumia ile lipu laini ya akriliki ya kuzibia nyufa za madirisha, nami naipendelea kwa mashina makubwa kwa kuwa ikikauka hubaki na unyumbufu, ilhali plasta hupasuka na kubanduka mara tawi linapoguswa. Rangi ya juu isiwe kahawia ya chokoleti, ambayo viwanda huipenda mno. Magome ya miti mingi yameelekea kijivu kuliko kahawia. Chovya brashi katika kijivu hafifu, ifute kwenye karatasi mpaka ikaribie kukauka, kisha ipitishe juu juu ya shina: chembe za mchanga zitadaka rangi, mabonde yatabaki meusi, na hapo waya unasahaulika.

Je, si afadhali mtu atengeneze mashina mwenyewe tangu mwanzo? Waya wa shaba unaotolewa ndani ya nyaya za umeme zenye nyuzi nyingi hufanya kazi hii vizuri, kwa kuwa ni laini na hukaa pale ulipopindwa, na anayetaka mti mmoja mkubwa wa kuonyesha, wenye mizizi iliyotambaa juu ya mwamba, hatapata pakiti ya kumfaa. Kwa mti huo nasema jitengenezee. Lakini msitu hauhitaji mti wa kuonyesha. Unahitaji miti thelathini inayofanana na ndugu wa ukoo mmoja, na hapo pakiti inashinda bila ubishi.

Sasa majani. Kijani chake ni kimoja tu, kikali, kisicho na kivuli, na kimepakwa juu ya chembe ndogo sana zinazong'ang'ania waya kwa gundi haba. Ukigonga mti mezani, vumbi la kijani linamwagika. Ukicheza nao mara chache, ncha za matawi zinaanza kuwa tupu. Ushauri wangu ni kutoyahurumia. Kung'uta yote yanayotaka kudondoka, kisha upake yaliyobaki rangi ya kijani nzito iliyokaribia nyeusi, iliyoongezwa maji, ili yawe kivuli cha ndani cha mti badala ya kuwa sura yake.

Majani mapya hayana gharama kubwa. Kipande cha sponji ya godoro au ya kiti hukatwa vipande vidogo, hulowekwa katika rangi ya akriliki iliyozimuliwa kwa maji, hukamuliwa, na hukaushwa vizuri kabla ya kusagwa kwa blenda ambayo haitarudi tena jikoni. Rangi ni lazima ipenye mpaka ndani, kwa sababu sponji ya aina hii huchakaa kwa mwanga, hugeuka njano na kuwa unga, na rangi huichelewesha safari hiyo. Baada ya kusaga, chekecha upate daraja mbili au tatu za ukubwa, na tengeneza angalau rangi mbili, moja ya kijani iliyokolea na nyingine iliyochanganywa na njano kidogo. Asiyetaka kusaga anaweza kununua mafungu ya majani ya sponji yaliyokwisha kutiwa rangi. Kampuni ya Marekani ya Woodland Scenics huuza mafungu hayo kwa rangi kadhaa, na mfuko mmoja hutosha miti mingi, ingawa hapo unafuu wa pakiti unaanza kupungua.

Kati ya waya na majani hayo napendekeza kitu kimoja ambacho watu wengi hukiruka: nyuzi za poliesta, zile zinazojazwa kwenye mito ya kulalia. Fungu dogo huvutwa mpaka liwe wavu unaopitisha mwanga, huvikwa juu ya matawi, na hupuliziwa rangi nyeusi au kahawia nzito. Juu yake hunyunyiziwa gundi ya kupuliza, kisha majani yaliyokolea kutoka chini na pande zote, na yale ya kijani hafifu kutoka juu peke yake, kule jua linakopiga. Majani hapo yana kitu cha kushika, nao mti unakuwa na wingi bila kuwa donge. Mwishoni pulizia gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, kwa kuwa bila sabuni maji hujikusanya matone juu ya sponji badala ya kupenya. Tahadhari moja: gundi na rangi za makopo zina viyeyusho vinavyokula stirofomu, lile povu jeupe jepesi la kufungashia, kwa hiyo usiisimamishe miti yako juu ya kipande cha stirofomu wakati wa kupulizia.

Pakiti haina vitako vya kusimamishia miti, na kwa mchezaji hili ni pengo kubwa kuliko rangi ya majani. Waya uliochongoka chini umekusudiwa kuchomekwa kwenye mandhari ya kudumu. Mezani unahitaji kitako cha ubao wa MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, wa milimita 3, chenye kingo zilizopigwa msasa mpaka zikateremka, na washa, ile pete bapa ya chuma ya kuwekea chini ya nati, iliyogandishwa chini yake ili kuongeza uzito; mti wenye kichwa kizito na kitako chepesi huangukia vinyago vilivyopakwa rangi kwa wiki nzima. Kila mti upate kitako chake. Katika kanuni nyingi msitu ni eneo linalopunguza mwendo na kuzuia kuona, na mipaka yake huonyeshwa na kipande cha kitambaa au ubao kilichokatwa kwa umbo lisilo sawa. Miti iliyosimama juu yake bila kugandishwa huondolewa kikosi kinapoingia na kurudishwa kikitoka. Misitu iliyogandishwa moja kwa moja hupendeza kwenye picha na kuudhi kwenye mchezo.

Misonobari iliyomo katika pakiti sikuipenda. Ni brashi ya kuoshea chupa iliyochongwa kama pia, na kuipunguza kwa mkasi ili matawi yatofautiane hakuisaidii sana. Dodoki la plastiki la kusugulia sufuria, lile la kijani, likichanwa vipande vyembamba vyenye ukubwa tofauti na kutungwa kwenye kijiti cha mshikaki kutoka kikubwa hadi kidogo, hutoa msonobari ulio bora zaidi kwa gharama ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua pakiti ya miti ya majani mapana peke yake. Wanaocheza kwa milimita 6 tu ndio ninaoweza kuwaambia waichukue yote na kuitumia karibu kama ilivyo, kwani kwa umbali wanaoutazamia msitu wao msokoto wa waya hauonekani, na mkono mmoja wa rangi ya kivuli pamoja na kitako vinawatosha.