Matembezi ya kulipia Rungwe na Kyela: yapi yaje kwanza

Mgeni anayefika Mbeya au Tukuyu akiwa na siku mbili tatu za mapumziko huuziwa matembezi mengi kwa bei ambayo, ukiichambua, sehemu kubwa ni ya gari. Barabara ya lami kutoka Uyole, jijini Mbeya, hadi Kasumulu, mpakani na Malawi, ina daladala na kosta kutwa nzima, kwa hiyo kinachostahili kulipiwa ni mwongozaji mwenyeji anayeijua njia, kiingilio halali, na muda wa kutosha mahali penyewe. Mpangilio ufuatao umezingatia hayo.

Nafasi ya kwanza ninaipa Ziwa Ngosi bila kusita. Ziwa hili limejaa ndani ya kreta, yaani shimo kubwa la volkano, katika Milima ya Uporoto, lina urefu wa takriban kilomita 2.5, limezungukwa na kuta za msitu, na hakuna mto unaoonekana ukitoka humo. Kutoka barabara kuu, eneo la Isongole, hufuatwa njia ya vumbi hadi ukingoni mwa msitu, kisha hupandwa kwa miguu kwa saa moja na zaidi kati ya mianzi na migomba mwitu hadi kwenye ukingo wa kreta, ulio kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi. Ukungu ndio unaowanyima watu thamani ya fedha zao, kwani ukishatanda utasimama juu ya ziwa bila kuliona. Muuzaji anayepanga kuondoka mjini saa nne asubuhi mkatalie, na badala yake dai kuanza kupanda mapema iwezekanavyo. Kushuka hadi majini kuna mteremko mkali wa kushika mizizi, na kunafaa kiangazi tu, kwa mtu mwenye miguu imara. Kabla ya kulipa, uliza kama bei imejumuisha kiingilio cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), dai risiti ya serikali, na kama wewe ni raia chukua kitambulisho chako, kwa kuwa kiwango cha raia ni cha chini kuliko cha mgeni.

Ya pili ni safari ya Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mahali ambapo Milima ya Livingstone inashuka karibu kabisa na maji. Ofa ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo siipendekezi hata ikiwa nafuu, kwa sababu utatumia siku nzima garini. Nunua ile yenye kulala usiku mmoja, na ukiweza lala Ijumaa ili Jumamosi uwahi soko la Lyulilo, ambako vyungu vya wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe huuzwa. Mtumbwi wa kwenda Ikombe kwenyewe ndio kiini cha safari hii: utaona chungu kikifinyangwa na mikono ya watu walioirithi kazi hiyo, na fedha yako itawafikia wao moja kwa moja. Usipande bila jaketi la kuokolea, na panga kurudi kabla upepo wa alasiri haujachafua ziwa. Kichocho kipo Ziwa Nyasa, kwa hiyo mwulize mwenyeji mahali pa kuogelea, na ukisharudi nyumbani kapime.

Ziwa Masoko pamoja na maporomoko ya Kaporogwe ni siku nzuri kwa familia. Masoko ni ziwa dogo la kreta lenye boma la Wajerumani kando yake, na wenyeji husimulia kwamba mali zilitupwa majini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kaporogwe maji huanguka mita 40 hivi, na nyuma ya pazia lake pana pango.

Mlima Rungwe, wenye mita zipatazo 2,960, ninauweka nyuma ya hayo si kwa ubaya wake, bali kwa sababu unadai siku nzima ya kupanda na mvua ya Rungwe haina huruma. Uupande kati ya Juni na Oktoba. Msitu wake ni makazi ya kipunji, aina ya kima ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005, lakini ni mnyama mwoga anayekaa juu mitini, hivyo usilipe nyongeza kwa ahadi ya kumwona.

Daraja la Mungu, ambalo ni daraja la asili la mwamba, na Kijungu, shimo la mwamba lenye umbo la chungu ambamo maji huingia, vyote viwili kwenye Mto Kiwira, ni vya kupendeza mno, ila havihitaji kifurushi. Shuka kwenye daladala katika mji mdogo wa Kiwira, chukua bodaboda, kubaliana bei ya kwenda na kurudi, na kwa kuwa Kijungu kipo karibu na Chuo cha Magereza, omba ruhusa kabla ya kutoa kamera.