Boksi la Bruce Lee: kumbe utotoni tulipigwa

Wakuu, kuna shemeji yangu alikua anarudi likizo kutoka Marekani nikamtumia hela aninunulie boksi la filamu za Bruce Lee, zile diski za Blu-ray ambazo picha imesafishwa upya, dola sabini na kitu kwenye ofa. Nimekaa nalo mwezi mzima na nimelimaliza lote pamoja na yale maziada, kwahiyo naongea ninachokijua.

Kilichonishtua kabla hata sijachana nailoni ni idadi, nyuma ya boksi filamu ziko 5. Tano tu! Nikampigia, shem, hili si boksi la kwanza, la pili umelisahau kwenye begi lipi? Akacheka weee, akaniambia ndo zote hizo, hakuna la pili. Sasa mi nimekulia Tanga, Ngamiani, na mwishoni mwa miaka ya 80 nilikua mtoto wa kibanda cha video, nakuapia nimeangalia mikanda ya Bruce Lee isiyopungua thelathini. Kibao cha chaki nje kinaandikwa LEO BRUCE LEE NDANI, unatoa kiingilio chako, unakaa chini kwenye mkeka, deki inapuliziwa na mdomo ndo isome. Thelathini ile ilitoka wapi?

Ilitoka hivi. Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973 akiwa na miaka 32. Utotoni aliwahi kuigiza filamu kama ishirini huko Hong Kong maana baba yake alikua mwigizaji wa opera ya Kikantoni, ila hizo ni za maisha tu, mtoto analia mtoto anaonewa, sio ngumi. Za ngumi akiwa staringi alizozimaliza mwenyewe ni 4, ya tano aliiacha njiani. Alipokufa watu wakawa bado wanataka kumuona, maprodyuza wakaanza kuokota wanaofanana nae, akatokea Bruce Li wa Taiwan, akatokea Bruce Le (mzaliwa wa Burma huyo), akatokea Dragon Lee wa Korea, wote miwani ile ile, nywele zile zile, mlio ule ule wa paka aliyekanyagwa mkia. Hapo jina kwenye jalada limepungua herufi moja, we una miaka tisa utajuaje?

Tatizo la boksi lenyewe nilitaje mapema ili mtu asije kunilaumu. Blu-ray za Marekani zina msimbo (code) wao wa eneo, yani diski inasoma kwenye deki za eneo lake tu, wao ni A, Afrika na Ulaya ni B. Nikaweka diski kwenye deki yangu ikanitolea maandishi kwamba haisomi hapa. Roho iliniuma jamani. Jamaa mmoja wa dukani nilikonunulia deki aliniambia diski ni feki, nusura nimuamini nimgombeze shemeji bure. Bahati nzuri fundi mmoja akaingiza namba fulani kwa rimoti deki ikafunguka, ila sio deki zote zinakubali hiyo janja, kwahiyo kama unaagiza tafuta toleo la Ulaya, au uwe na mashine inayosoma maeneo yote. Na usitegemee maandishi ya Kiswahili, ni Kiingereza tu.

Haya, picha. Picha ni balaa. Ile ya kwanza ya 1971, The Big Boss, ya kule Thailand kwenye kiwanda cha barafu wanakoficha madawa ndani ya mabarafu, mi sikuwahi kujua kama ina rangi za kijani namna ile, kwenye kaseti yetu kila kitu kilikua bluu na mistari inapita katikati. Na sikuwahi kujua kwamba staringi hapigani karibu robo tatu ya saa nzima! Amemuahidi mama yake hatagombana tena, ana kidani shingoni cha kumkumbusha, wenzake wanapigwa yeye anakishika kile kidani tu anameza mate. Pale kibandani mwenye deki alikua anapeleka mbele mpaka ngumi ya kwanza, kumbe alikua anatukatia utamu wote, maana ukishamuona anavyojizuia muda wote ule, siku kidani kinakatika unataka uingie umsaidie.

Ya pili ndo imeniumiza. Ile ya Shanghai, Fist of Fury, 1972, analipiza kisasi cha mwalimu wake, anavunja kwa teke kile kibao cha mbwa na Wachina hawaruhusiwi kuingia bustanini. Mwishoni anatoka mlangoni anakimbilia bunduki, anaruka, picha inagandia hapo hewani, milio ya risasi inasikika. Amekufa. Staringi kafa! Sasa kibandani kwetu alikuwepo kaka mmoja mkalimani, hii ni miaka kabla hatujamjua Lufufu yule mkalimani maarufu wa filamu, hajui Kichina na Kiingereza chake cha kuungaunga, ila mdomo anao, na siku ile alitutangazia kwamba wamemkosa, kaangukia upande wa pili wa ukuta, mengine wiki ijayo sehemu ya pili. Tukaondoka kwa amani kabisa. Na wiki iliyofuata sehemu ya pili kweli ikaletwa tukalipa tena. Juzi ndo najua kwamba sehemu ya pili ile ni ya Bruce Li, na humo yeye ni mdogo wake marehemu kaja kulipiza. Miaka thelathini na kitu naamini jamaa aliruka ukuta.

Ile ya Roma, The Way of the Dragon, aliitunga na kuiongoza mwenyewe, ina vichekesho ambavyo sikuvikumbuka, mshamba kashuka uwanja wa ndege hajui lugha anaagiza chakula anajikuta na bakuli za supu meza nzima. Afu pambano na Chuck Norris kwenye Colosseum, sitaki kulielezea sana, niseme tu rudieni pale Norris ameshavunjika mguu na mkono na bado anataka kuinuka, Bruce anamtikisia kichwa, yani anamuomba aache, jamaa hataki. Anamuua, afu anamfunika na koti lake na mkanda wake, anapiga goti. Hamna neno hata moja. Utotoni tulikua tunashangilia kipindi hicho chote kwahiyo hatukuona kitu.

Ya 1973 ya Wamarekani, Enter the Dragon, ndo sauti yake ya kweli inasikika, anaongea Kiingereza mwenyewe, zile nyingine kwenye Kiingereza chake kuna mtu mwingine kabisa. Kile chumba cha vioo kwa picha hii safi ni kizunguzungu. Na mumtafute Jackie Chan, yumo kwa sekunde tu, ananyongwa shingo anaangushwa. Bruce alikufa kabla haijaonyeshwa Marekani. Sisi tuliambiwa kauawa na watawa kwa kosa la kuuza siri, wengine wakasema ngumi ya kuchelewa, unapigwa leo unakufa baadae. Ukweli ni kwamba ubongo ulivimba, alipewa kidonge cha kichwa akajilaza hakuamka, na mwezi Mei mwaka ule ule alikua ameshaanguka studio.

Diski ya tano, Game of Death, msiiangalie na watoto kama hamtaki kubishana kuhusu heshima. Ilitoka 1978, alichopiga mwenyewe wametumia dakika kumi na kidogo tu, kwingine kote ni wa kufanana nae kafichwa na miwani, kuna mahali wamebandika picha ya uso wake kwenye kioo yani unaiona kabisa ni karatasi, na mazishi yake ya kweli wameyaweka humo kama sehemu ya hadithi. Mazishi ya mtu! Afadhali kwenye ziada wameweka vile vipande vyake vya mapigano ya mnarani vilivyo vizima, suti ya njano, na Kareem Abdul-Jabbar yule wa kikapu ambaye alikua mwanafunzi wake, mguu wake umeacha alama ya nyayo kifuani pa ile njano.

Mi nalipa alama 8 kati ya 10, mbili nimekata kwa ule msimbo wa eneo na kwa ile diski ya tano. Kijana wangu ana miaka kumi na mbili, tuliangalia wote ya Roma, akaniuliza mbona anapigana haraka hivi, wameongeza spidi? Nikamwambia hapana baba, huyo ndo yeye.

Ila nina shida moja bado. Mkanda nilioupenda kuliko yote kibandani, wenye jamaa anapigana na watu wa rangi ya dhahabu, haumo humu, maana sio wake. Sijui ni Li, sijui ni Le, sijui ni Dragon. Mwenye nao, hata kaseti iliyochakaa, mi nanunua.