Boksi la stelingi la pikapu ya zamani: lipi ununue, lipi uliache dukani

Pikapu nyingi zinazopakia dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, ni za umri mkubwa: Hilux za kabla ya toleo la Vigo, na Land Cruiser. Zote hizi zinatumia boksi la stelingi, yaani boksi la meno linalopeleka mzunguko wa usukani kwenye tairi, na likichoka, mikono ya dereva ndiyo inayojua kwanza. Unakata usukani, gari bado inakwenda ilikokuwa inakwenda.

Kabla hujatoa hela, hakikisha mgonjwa ni boksi. Weka kabari kwenye tairi, washa injini, mtu mmoja atikise usukani kidogo kidogo huku wewe ukichungulia chini. Tazama shafti inayoingia kwenye boksi na mkono wa pitmani unaotoka, ule unaosukuma vyuma vya kukata tairi. Shafti ikizunguka na mkono umetulia, boksi limekwisha. Mkono ukicheza na tairi hazifuati, nenda kwenye tairodi, vyuma vinavyounganisha mkono huo na tairi, spea ya bei ndogo zaidi. Kwa Toyota hizi, pleyi (ulegevu) kwenye ukingo wa usukani haitakiwi kuzidi milimita 30. Halafu futa matope pale boksi linapofungwa na utafute ufa kwenye chasisi. Gari zinazopiga barabara za changarawe na shehena hupasuka hapo, na ufa huo uchomelewe kwanza.

Boksi likiwa limekwisha kweli, kuna njia tano, nazipanga kuanzia bora. Nafasi ya kwanza naipa mtumba wa Japani wenye shafti safi. Chuma chake ni kilekile kilichotoka kiwandani na gari yako, na bei inabebeka. Kazi yote iko kwenye kukagua. Mwombe muuzaji tambara, futa grisi kwenye shafti ya pitmani, kisha pitisha ukucha pale mdomo wa sili, ile mpira ya kuzuia mafuta, unapokaa. Ukucha ukinasa kwenye kitobo cha kutu, lirudishe, hata kama amekushushia bei. Kutu hiyo itakata kila sili utakayoweka. Mimi niliwahi kuchukua lililopakwa rangi nyeusi inayong'aa bila kugusa shafti. Wiki ya pili nikiwa Usagara na mzigo, nikashuka nikakuta mafuta yamechora mstari lamini nzima nyuma yangu, na usukani umekuwa mzito kama lile jiwe la Bismarck la ziwani Mwanza.

Ukimaliza ukucha, zungusha shafti ya juu, ile inayotoka kwenye usukani, kutoka mwisho hadi mwisho ukihesabu mizunguko, kisha rudi nusu yake. Hapo katikati ndipo gari hukaa muda mwingi, na ndipo meno huliwa. Pakilegea, acha. Likikwaruza popote njiani, acha pia.

Ukiambiwa limetoka Dubai, uliza usukani wa gari lile ulikuwa upande gani. Huko usukani uko kushoto, na boksi la namna hiyo halikai kwenye gari zetu. Na Hilux zenyewe zinatofautiana: yenye ekseli nzima mbele, kama LN106, mkono wa pitmani hucheza mbele na nyuma, yenye tosheni baa (chuma kinachojipinda badala ya springi) hucheza kushoto na kulia. Nenda dukani na boksi lako la zamani mkononi, linganisha matundu ya boliti na meno ya shafti.

La pili ni jipya halisi la Toyota. Kwa ubora linashinda yote. Bei ndiyo iliyolishusha. Kama gari inabeba watu kila siku, kwangu hilo linapanda kuwa la kwanza.

La tatu, kununua seti ya sili na kukarabati boksi lako. Inafaa likiwa linavuja tu na bado halina pleyi. Sili hairudishi meno yaliyolika.

La nne ni jipya la bei rahisi lisilo na jina. Mengine hudumu, lakini huwezi kujua ndani kuna chuma gani, na spea ya kubahatisha siifungi kwenye usukani.

La mwisho kabisa ni kukaza ile skrubu ya marekebisho iliyo juu ya boksi mpaka pleyi iishe. Marekebisho kidogo ni sawa. Ukiikaza sana, katikati patatulia lakini boksi litabana unapokata kona, na usukani hautarudi wenyewe. Fundi akikupa hiyo kama tiba kamili, tafuta mwingine.

Siku ya kufunga, piga alama kwenye mkono wa pitmani na shafti kabla ya kuvitenganisha, na fundi atumie pula, kifaa cha kuvutia mkono utoke; nyundo huumiza beringi za ndani. Mwaga mafuta ya zamani yote, weka ATF mpya, mafuta ya gia za otomatiki. Nyanyua tairi za mbele kwa jeki, kata usukani taratibu mwisho hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa kwanza, kisha ikiunguruma. Mapovu yakiisha kwenye tangi la pampu, ndipo uishushe chini.