FreeCAD 1.0 kwenye kuunganisha pati: uzoefu wangu karakana Moshi

Wakuu salaam toka Moshi. Niko karakana huku Pasua, tunatengeneza mashine za kumenya kahawa mbivu, zile ndogo za kuzungusha kwa mkono, na michoro yote sasa hivi naifanyia FreeCAD, programu ya kuchora vitu vya 3D kwenye kompyuta.

Nataka niongelee Assembly tu, ile sehemu ya kuunganisha pati, yaani vipande vya mashine. Imeingia ndani ya programu yenyewe kwenye toleo la 1.0, Novemba 2024, kabla ya hapo unatafuta nyongeza, A2plus, Assembly3, Assembly4, kila moja na utaratibu wake. Na ni bure kabisa. Programu ya kulipia niliyoanzia, leseni ilipokata hata michoro yangu mwenyewe haikufunguka, iliniuma sana aisee.

Mi ninachoipendea ni kwenye kurekebisha. Mteja leo anataka mkono wa kuzungushia ukae kulia kesho kushoto, au beringi uliyopanga dukani hamna inabidi uhamie UCP205 ya shafti ya milimita 25. Humu jointi zote, yaani viungo vinavyosema pati hii inashikanaje na ile, zimekaa kwenye mti (ile orodha) pembeni, unaibonyeza mara mbili inafunguka, unatoa uso uliochagua mwanzo unaweka mwingine, unabadili ofseti (umbali kati ya nyuso) au unageuza pati iliyokaa kinyume, OK, mashine nzima inajipanga upya yenyewe.

Mfano mzuri ni lile pengo kati ya silinda na bati la kubania, ambalo kwa kahawa ndo kila kitu, likibana punje zinavunjika, likiachia kahawa inapita na ganda lake. Hapo nimeweka jointi moja ya Distance (umbali), kwa hiyo mzee wa Kibosho akija akisema kahawa yake mwaka huu ni ndogo nabadilisha namba moja tu mbele yake anaona bati linasogea.

Sasa vijana mnaoanza sikieni hii. Pati ikiwa huru ina njia 6 za kucheza, 3 za kusogea na 3 za kuzunguka. Fixed inafunga zote, Revolute inabakiza kuzunguka tu, Slider inabakiza kuteleza tu, Cylindrical inabakiza vyote viwili. Kwa hiyo kabla hujabonyeza jiulize hii pati ikiwa kazini inafanya nini, shafti ndani ya beringi ni Revolute, basi, sio unaongeza Parallel (ya kuweka sambamba) juu yake na Distance tena juu ya hiyo, maana masharti yakianza kugongana solva (ile inayokokotoa pati zikae wapi) inagoma na wewe unabaki kutafuta mbaya ni ipi. Ikifika huko zima jointi moja moja uone ipi ikitoka mambo yanakaa sawa. Na fremu itie Ground (isisogee) mapema, bila pati moja iliyosimama hakuna cha kushikia nyingine.

Kuna limiti pia za jointi isogee mpaka wapi, nimezipenda mno, kifuniko cha hopa (pa kumiminia kahawa) nimekipa mwisho digrii 90 hakiendi zaidi. Gia na mikanda zina jointi zake, unazipa radiasi, ukiuvuta mkono kwa mausi silinda nayo inazunguka.

Bolti na nati msichore, vuteni nyongeza ya Fasteners, M8 na M10 zote zimo, hizo ndo za kufunga Fixed bila kuwaza.