Uzoefu wangu: nilipeleka mtoto kuona madainosa, nikarudi nikisifu miti

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mtoto wa dada yangu, ako na miaka sita, kuona maonyesho ya madainosa ndani ya ile bustani ya mimea iliyofunikwa na vioo hapa Nairobi. Jina la mahali sitaji, nina malalamiko kidogo na sitaki kesi.

Kiingilio mia nane mtu mzima, mia tano mtoto, unalipa na M-Pesa hapo mlangoni. Ukiingia tu unapigwa na joto. Nje ilikuwa ile baridi yetu ya Julai, mtoto amevaa sweta mbili na marvin, dakika tano baadaye nimebeba nguo zote begani kama muuza mitumba wa Gikomba.

Sasa madainosa wenyewe. Ni wa mpira juu ya vyuma, wako na mota, wanatingisha kichwa na kupepesa macho, spika imefichwa nyuma ya mawe. T. rex ndiye amewekwa katikati na akinguruma unasikia hadi kifuani, kijana wangu alinishika mguu kucha zikaingia. "Anti, huyo ananiona?" Kabla nijibu stima ikapotea. T. rex akabaki mdomo wazi, kichwa kimepinda upande kama mtu aliyelalia shingo vibaya, na kimya ikawa ile ya kusikia matone ya maji yakianguka kwa majani. Jenereta ilichukua kama robo saa hivi kuwaka. Mtoto akasogea polepole hadi kwa kamba, akachungulia: "Anti, ufizi wake umeshonwa na uzi." Na kweli, uzi mweusi kabisa. Stima iliporudi akanguruma tena, yeye anacheka tu.

Hiyo ya stima nawasamehe, inapotelea kila mtu. Kilichoniudhi ni kitu kingine. Huko nyuma kabisa karibu na choo kuna dainosa mdogo mdogo hivi, ana vibamba mgongoni na miiba mirefu hadi mkiani, hana mota, ana vumbi, kibao kimeandikwa Kentrosaurus basi. Jamani huyo si ni jirani! Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoa wa Lindi, hapa tu Tanzania, Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913, yaani waliosimamia ni Wajerumani, waliochimba na kubeba mizigo kwa kichwa hadi pwani ni wenyeji, halafu ikapandishwa meli hadi Berlin. Hukohuko Tendaguru ndiko alitoka Giraffatitan, yule wa shingo ndefu, mifupa yake imesimama kwa makumbusho ya Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu, kama ghorofa nne. T. rex naye ni wa Amerika Kaskazini, lakini ndiye amepewa mota, spika na taa. Nilimwambia kijana anayehudumia hapo, akasema "Madam, hata mimi sikujua," akapiga kibao picha aonyeshe bosi wake. Tutaona.

Mimea lakini, aki hapo walijaribu. Makangaga marefu kuliko mimi, sikadi zile kama mnazi mfupi wenye majani ya kuchoma (niliguza, msiguze), na ukoo wa sikadi ulikuwepo kabla hata ya hao madainosa. Halafu kuna ile miti ya matawi ya ngazi ngazi ambayo watu wa Nairobi hupanda karibu na geti na kuiwekea taa Krismasi, kumbe jamaa zake walikuwepo wakati mmoja na hao wanyama! Tuko nayo moja kwa ploti yetu na caretaker amekuwa akitaka kuikata, nilipofika nyumbani nikaenda kuongea naye.

Chakula ndani ni ghali, chipsi baridi, beba yako. Na mkienda piteni huko karibu na choo mumsalimie wa Lindi.