Albamu za kina Zawose: ipi ununue, ipi uionje kwanza

Mwenye pesa ya albamu moja tu achukue Chibite. Akibakiwa na chenji, aongeze Maisha. Assembly aisikilize kwanza mtandaoni bila kulipa, asije akanilaumu.

Huu ni muziki wa Kigogo, ila makao yake ya siku nyingi ni Bagamoyo. Wageni hushangaa, maana Ugogo uko Dodoma na huku ni kwa Wazaramo na Wakwere. Hukwe Zawose, mwanamuziki aliyeanzisha yote haya, alikuja enzi za Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni TaSUBa, ukoo ukaota mizizi hapa. Mzee alifariki Desemba 2003, lakini ilimba, zile ala za sanduku zenye chuma zinazopigwa kwa vidole, bado zinapigwa mjini. Hiyo ndiyo faida ya msikilizaji wa Bagamoyo: akiwa na shaka na rekodi, anakwenda kuisikia ilimba yenyewe, halafu anarudi kuihukumu spika yake.

Chibite ilitolewa na lebo ya Real World mwaka 1996. Humo wamo Hukwe na Charles Zawose, na chakula chenyewe ni sauti zao, ilimba na zeze. Hakuna kinanda wala besi ya kubandika. Uzuri wake ni nafasi: ilimba mbili zinapopishana unazisikia zote mbili, na Hukwe anapopanda kutoka sauti ya kifuani hadi ile nyembamba ya juu kabisa, hakuna kitu kinachomzuia njiani. Kasoro zipo. Sauti ya rekodi ni ndogo ukiilinganisha na bongo fleva ya leo, kwa hiyo utaongeza volyumu, kisha wimbo unaofuata kwenye orodha yako utakupasua masikio. Halafu asiyejua Kigogo atabaki na utamu tu, maana ya maneno ataikosa.

Kuna lalamiko moja nalisikia sana, na si la haki: "rekodi inakwaruza." Haikwaruzi. Ilimba ya Kigogo ina matundu madogo kwenye sanduku, yanazibwa kwa utando wa buibui, ule mweupe unaofunika mayai yake. Chuma ikipigwa, utando unatetemeka na kutoa ule mlio wa mzz. Tena zipo chuma za katikati ambazo kidole hakizigusi kabisa. Zinaitikia zenyewe nyingine zikipigwa. Ukipunguza sauti za juu kwenye simu ili kuondoa "mkwaruzo", umeua nusu ya ala. Utando ukichanika, mpigaji mwenyewe husimama autengeneze, kwa sababu ilimba isiyo na mzz kwake ni mbovu.

Sasa Assembly, ya 2002, Hukwe na Charles wakiwa na Michael Brook, mpiga gitaa na mtayarishaji. Brook si mtu wa kubahatisha, huyu alishafanya kazi nzuri na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani. Hapa lakini mimi naona kavaa viatu vya mwenzake. Shida iko kwenye noti. Muziki wa Kigogo unafuata sauti za asili, zile zinazotoka zenyewe kwenye uzi mmoja, na ile ya saba katika mfuatano huo iko chini ya noti ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni. Peke yake ni tamu sana. Iwekee chini gitaa au kinanda kilichopangwa kizungu, na mtu asiyejua atasema mzee anaimba nje ya ufunguo, kumbe aliyekuja na ufunguo mwingine ni mgeni. Mahali ambapo gitaa linavuta sauti ndefu moja na kutulia, mambo yanakwenda. Likianza kubadilisha kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ilimba inageuka pambo. Wapo wanaoipenda kwa kuendesha gari usiku, na siwakatalii.

Maisha ya The Zawose Queens, 2024, lebo ni ileile, imenifurahisha kuliko nilivyotegemea. Malkia wenyewe ni Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake. Miaka yote akina mama wa ukoo huu walikuwa waitikiaji. Safari hii ndio wanaoanzisha. Ilirekodiwa hapa nchini, watayarishaji ni Oli Barton-Wood na Tom Excell, na vionjo vya mashine vimewekwa chini, vinaongeza uzito wa ngoma bila kugombana na noti za waimbaji. Sauti za wanawake zinavyopangana, moja juu ya nyingine, ndiyo sababu ya kuinunua. Na muheme, ambayo Ugogoni ni ngoma ya akina mama, hatimaye imepewa nafasi yake. Ningepunguza mwangwi kwenye nyimbo za taratibu, unazidi kidogo.

Upande wa kusikiliza: spika ya simu haina uwezo wa kutoa mdundo mzito wa muheme, utasikia kofi la ngozi tu. Tumia hedifoni za waya, hata za bei ndogo. Subufa iwe na besi ya wastani. Ikizidishwa inameza ilimba. Kwenye programu ya muziki chagua ubora wa juu, kilobiti 320 kwa sekunde, ambao unakula karibu MB 2.4 kwa dakika. Albamu ya dakika 50 ni kama MB 120 za bando, hivyo ipakue kwenye Wi-Fi mara moja. Kwa kilobiti 128 unatumia karibu MB 1 kwa dakika, bado inasikilizika. Chini ya hapo ule mlio wa utando unakuwa kama maji yanayochemka. Na ile nakala inayorushwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti ifute tu, usiitumie kumhukumu mtu.